Karate, ndondi na kujilinda: unaingia ukumbini kutafuta nini?

Tangu Januari 2024, wanawake walipoandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wenzao, kuna ushauri unaorudi kila habari mbaya inapotangazwa: wasichana wajifunze karate. Utausikia redioni asubuhi, utausikia ndani ya matatu ya Kondele, na hakosi mjomba wa kuutoa matangani. Hakosi pia wa kumjibu kwamba karate haijawahi kumwokoa mtu mbele ya panga. Hawa wawili hubishana hadi chai ikapoa, kumbe kila mmoja anazungumzia kitu chake. Anayelipia mkanganyiko huo ni yule anayetoa ada ya miezi mitatu kwenye ukumbi wa mazoezi Nakuru au Kisumu, kisha anaacha mwezi wa pili kwa sababu alichokikuta sicho alichokifuata.

Mtaani vitu vitatu vimepewa jina moja, karate, kwa hiyo tuvitenganishe kwanza. Kuna sanaa za mapigano, yaani mifumo ya mafunzo yenye mitindo yake, madaraja, adabu na historia: karate iliyotoka Okinawa, judo ya Japani, taekwondo ya Korea, kung fu ya Uchina. Mtu anaweza kusoma sanaa moja miaka ishirini asipigane hata mara moja, na bado hajapoteza muda wake. Kuna michezo ya mapigano, yenye refa, kengele, mizani ya uzito na medali. Ndondi ndiyo inayojulikana zaidi huku kwetu, ingawa judo na taekwondo nazo huchezwa kwenye Olimpiki. Halafu kuna kujilinda, ambako hakuna refa wala mkanda. Kipimo chake ni kimoja tu: umefika nyumbani mzima?

Chukua mvuvi wa Dunga. Kuogelea anajua, lakini kinachomrudisha ufuoni kila asubuhi ni macho yake. Anatazama upepo na mawingu kabla ya kusukuma mtumbwi, na anaijua siku ya kutoingia ziwani kabisa. Kuogelea ni kwa ajili ya saa ile mtumbwi umeshapinduka. Ngumi na mateke ndiyo kuogelea kwenyewe: ni vizuri kujua, ila anayevitegemea hivyo peke yake amechelewa mambo mengi.

Kila anayeingia anasema "kujilinda"

Kaa mlangoni mwa ukumbi wowote jioni uwaulize wanaoingia wamefuata nini. Wengi watakujibu kujilinda. Ni jibu lenye heshima, halimwaibishi mtu. Nyuma yake kuna mengine. Mmoja aliporwa simu wiki iliyopita, mwingine amenenepa, mwingine ameachwa na hataki kuikuta nyumba tupu jioni, mwingine amemaliza kidato cha nne na ana tumaini la kuandikishwa polisi, na yupo aliyelelewa na sinema za kung fu zenye sauti ya msimulizi DJ Afro kwenye vibanda vya video. Sioni ubaya wa sababu yoyote kati ya hizo. Tatizo ni kwamba kila moja inadai mafunzo yake, na mwalimu hawezi kukupa usichomwambia.

Tuanze na hofu, maana ndiyo inayojaza kumbi. Anayeishi Nyalenda, Manyatta, Bondeni au Kaptembwo hahitaji kuelezwa ngeta ni nini. Mkono unatokea nyuma, kiwiko kinakaa chini ya kidevu, na mishipa inayopeleka damu kichwani inabanwa pande zote mbili. Wengi hudhani mtu huzimia kwa kukosa pumzi. Kinachomzimisha haraka ni damu kukatwa, na ikibanwa sawasawa fahamu hupotea kwa sekunde 10 hivi. Ndiyo maana mafunzo mazuri ya kujinasua ni mafupi na hayana madoido: shusha kidevu, shika mkono unaokukaba kwa mikono yako yote miwili uuvute chini, geukia upande wa kiwiko ili koo lipate nafasi, kisha fanya lolote la kukutoa hapo. Ukijifunza Jumamosi moja bila kurudia, mwili utakuwa umesahau kufikia Jumatano. Na hata anayerudia kila wiki ana sekunde chache tu za kufanya kazi hiyo, tena wakabaji hawatembei peke yao. Mmoja akikaba, mwenzake anapekua mifuko. Walimu ninaowaamini husema bila kuona haya: simu wape.

Lakini hofu ya ngeta inatazama kichochoro wakati hatari nyingi, hasa kwa wanawake, ziko sebuleni. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wameshafanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15, na kwa waliowahi kuolewa anayetajwa zaidi ni mume au mwenzi. Hapo somo lote linabadilika. Kumpiga teke mtu usiyemjua gizani ni jambo moja. Kumwambia shemeji, jirani au mpenzi "hapana, toka", huku ukijua Jumapili mtakutana kanisani, ni jambo jingine, na ndilo gumu zaidi.

Nchini Kanada watafiti walilipima hili kwa wanafunzi 893 wa kike katika vyuo vikuu vitatu, na matokeo yakachapishwa 2015. Kundi moja lilipata mafunzo ya vipindi vinne vya saa tatu tatu. Jingine lilipewa vijarida vya kusoma. Baada ya mwaka mmoja, waliobakwa katika kundi la mafunzo walikuwa asilimia 5.2, na katika kundi la vijarida asilimia 9.8. Cha kuangaliwa ni kilichofundishwa. Kupiga na kujinasua kulikuwa kipande tu cha saa hizo 12. Zilizobaki zilihusu kumsoma mtu unayemfahamu anapoanza kuvuka mpaka, na kuivunja ile aibu ya kutotaka kuonekana mkorofi. Nairobi nako mafunzo ya namna hiyo yalifuatiliwa kwa wasichana wa mitaa ya mabanda, na matokeo ya 2014 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema wameshatumia walichojifunza kuzuia shambulio. Ni maelezo ya wasichana wenyewe, hakuna aliyesimama pembeni akihesabu, lakini sioni vipi mtu atayapuuza.

Nimewahi kukaa pembeni nikitazama darasa kama hilo la akina mama, Jumamosi, kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji, viatu vimepangwa ukutani. Zoezi lilionekana rahisi. Kocha anakujia taratibu akitabasamu, nawe unainua viganja usawa wa kifua na kusema kwa sauti, "Simama hapo." Mama wa kwanza alicheka. Wa pili akasema, "Samahani, simama hapo." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kocha peke yake hakucheka.

"Mama, unaniomba msamaha wa nini? Nani amemkosea mwenzake hapa?"

Wakarudia, wakarudia tena, hadi sauti zikaanza kutoka tumboni. Baadaye walipopewa mto wa mazoezi waupige, waliupiga vizuri kabisa, tena kwa hasira. Mikono haikuwa na shida tangu mwanzo.

Hapa inafaa tuzike swali moja la kikatili ambalo haliishi kuulizwa: "Kwa nini hakupiga kelele?" Mwili uliozidiwa na woga hupigana, hukimbia au huganda, na hauombi ruhusa ya mwenyewe kabla ya kuchagua. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2017 uliwahoji wanawake 298 waliofika kliniki baada ya kubakwa au kujaribiwa kubakwa; asilimia 70 walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa. Mazoezi ya kurudiarudia huupa mwili kitu ulichokizoea cha kushika saa hiyo. Hata hivyo, mwalimu anayekuahidi kwamba ukimaliza kozi yake hutaganda kamwe anakuuzia maneno.

Sababu isiyosemwa

Kwa wanaume hofu huvaa nguo nyingine. Kijana aliyepigwa mbele ya watu, au aliyenyang'anywa pesa na vijana wa steji anaowajua kwa majina, haji kusema anaogopa. Anakuja akiuliza kama mnafundisha "ile ya kuvunja mkono". Anataka kuwarudia. Kocha mwenye macho humtambua siku ya kwanza kwa jinsi anavyopiga gunia: hapumui, na anapiga uso ambao wengine hatuuoni.

Huyu sheria ina neno naye. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kwamba nguvu iliyotumika kujilinda wewe au mali yako itapimwa kwa misingi ya sheria ya Uingereza iliyojengwa na maamuzi ya mahakama. Kwa maneno ya kawaida, hatari iwe ipo au wewe uwe umeamini kweli kwamba ipo, nguvu unayotumia ilingane na hatari hiyo, na hatari ikiisha ruhusa yako nayo imeisha. Mtu amekushika shati, umemsukuma, umempiga ngumi, umekimbia: umejilinda. Mtu ameanguka, amelala chini, nawe unamrudia na mateke ya mbavu: sasa mshambuliaji ni wewe. Kifungu cha 251 kinaweza kukufunga hadi miaka mitano kwa kumjeruhi mtu, na majeraha yakiwa mabaya sana kifungu cha 234 kinafika hadi kifungo cha maisha. Kumfuata kesho yake kwake nyumbani hakuna jina la kujilinda hata ukikodisha wakili gani.

Kuna uvumi unaotembea sana vijiweni kwamba mwenye mkanda mweusi lazima ajiandikishe polisi kwa kuwa mikono yake ni silaha. Hayo ni ya sinema. Kenya haina sheria kama hiyo. Ila usishangae mahakamani ukiulizwa mtu aliyefunzwa miaka kumi alishindwaje kujizuia, nami naliona hilo kuwa swali la haki.

Sasa cha ajabu: wengi wa vijana hawa wakidumu, ile hamu ya kurudi kulipiza huwaisha. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alipita mlango huohuo. Alikuwa mwanafunzi mwenye mwili mdogo, akionewa shuleni, akatafuta walimu wa jujutsu ili wakubwa wasimguse tena. Mwaka 1882 akaanzisha Kodokan mjini Tokyo. Utu uzima ulimkuta mwalimu na mkuu wa shule aliyeiona judo kuwa njia ya kulea watu, na 1909 akawa Mwasia wa kwanza kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alichokuja kutafuta na alichobaki nacho vilikuwa mbalimbali kabisa.

Hakuna uchawi hapo. Kijana wa kuvunja mkono akishaangushwa na msichana wa kidato cha pili mwenye kilo 50, mbele ya watu, akainuka, akainamisha kichwa kwa heshima, akaangushwa tena, na kesho yake akarudi, kushindwa kunaanza kupoteza ule uchungu wake. Wale wa steji wanabaki walivyo. Yeye ndiye ambaye hasikii tena kwamba amepungukiwa kitu ambacho lazima akichukue kutoka usoni mwao. Nikiulizwa faida kubwa ya sanaa za mapigano ni ipi, nitaitaja hiyo kabla ya teke lolote, na ni faida ambayo karibu hakuna anayeiomba siku ya kujiandikisha.

Mkate, watoto na jasho

Nakuru ukitaja mapigano watu hawafikirii kujilinda, wanafikiria ndondi. Ndiyo iliyomtoa Philip Waruinge, aliyeshinda shaba kwenye Olimpiki ya Mexico 1968 na kupewa Kombe la Val Barker, la bondia mwenye ufundi bora kuliko wote wa michezo hiyo, kisha akaleta medali ya fedha kutoka Munich 1972. Mabondia wa mji huo wamefundwa kwenye ukumbi unaoitwa Madison Square Garden kama ule mashuhuri wa New York, na asiyejua New York iko upande gani wa dunia anaujua ulipo huo. Kijana wa Bondeni akivaa glavu, mara nyingi anatafuta kazi. Polisi, jeshi na magereza wana timu zao, ya polisi ikijulikana kama Chafua Chafua, na bondia mzuri anaweza kuandikishwa akaanza kupokea mshahara. Huku magharibi taekwondo nayo imefungua njia: Faith Ogallo, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, alifuzu na kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Tokyo.

Mwenye sababu hii asihangaike na masomo ya ngeta. Anachohitaji ni ukumbi unaopeleka wachezaji kwenye mashindano yanayotambuliwa na shirikisho la mchezo wenyewe, kwa sababu waandikishaji huangalia matokeo ya huko. Na asidanganywe kwamba ni njia laini. Robert Wangila aliiletea Kenya dhahabu ya ndondi kutoka Seoul 1988, na 1994 akafariki baada ya pambano la kulipwa Las Vegas. Uliza mapema kama ukumbi una utaratibu wa kumpumzisha mtu aliyepigwa kichwani. Wakikucheka, nenda kwingine.

Wazazi nao wana neno lao: adabu. "Mwalimu, nikazie huyu, nyumbani amenishinda." Kwamba karate humtuliza mtoto ni imani iliyoenea, na ina ukweli wenye masharti. Utafiti wa Marekani wa 2004 uliwalinganisha watoto wa shule waliofundishwa taekwondo na wenzao wa vipindi vya kawaida vya michezo, na wa taekwondo wakaonekana kujitawala vizuri zaidi. Mwaka uliofuata utafiti wa Norway ukatoka na picha tofauti: wavulana walioingia kwenye ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na sanaa za mapigano za Mashariki walizidi kuwa wakorofi hata nje ya ukumbi. Mimi nazisoma tafiti hizo mbili pamoja hivi: mtoto huiga watu wazima waliomzunguka pale. Kwa hiyo kabla hujalipa, kaa kwenye kona utazame kipindi kizima. Mtoto akikosea, mwalimu anafanya nini? Wakubwa wakimwangusha mdogo, nani anamwinua? Mwalimu anayekataza wazazi wasitazame mazoezi ya watoto amekujibu tayari.

Kuhusu afya sina mengi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na vipindi vitatu vya karate vinazifikisha bila taabu. Wanaokuja kwa ajili ya tumbo, usingizi au upweke ndio ambao huwa wanapata walichokifuata, na pengine ndiyo sababu huwasikii wakilalamika.

Mkanda haupimi unachodhani

Limebaki suala la mikanda, linalowachanganya hata wanaofanya mazoezi. Rangi nyingi tunazoziona leo zilienea kupitia judo ya Ulaya katika miaka ya 1930. Kabla ya hapo rangi zilikuwa chache sana. Mkanda unaonyesha umefika wapi katika mtaala wa chama fulani. Vyama viko vingi na mitihani haifanani, kwa hiyo mkanda wa kahawia wa ukumbi mmoja hauwezi kulinganishwa na wa ukumbi mwingine, na hakuna hata mmoja unaopima kama utaweza kutoka mzima kwenye baa iliyochafuka. Mitihani hulipiwa. Hilo si wizi, mwalimu naye ana kodi ya ukumbi, lakini ukiona mtihani kila mwezi na hakuna anayefeli, ujue unanunua nguo.

Ukienda kujiandikisha, mwambie mwalimu sababu yako halisi hata kama unaionea haya, kisha muulize nusu ya saa ya kipindi chake inatumika kwa nini. Akijibu mitindo na mikanda, hiyo ni sanaa. Akijibu ulingo na pumzi, huo ni mchezo. Vyote viwili ni halali kwa aliyevifuata. Lakini umefuata kujilinda, na mwezi mzima umepita hujafundishwa kutumia sauti, kuondoka mapema, kuomba msaada wala kutoa taarifa? Basi uko kwenye darasa la kitu kingine, hata kama ubao wa mlangoni umeandikwa "kujilinda" kwa herufi kubwa.

Na kama sababu yako iko ndani ya nyumba unayolala, usingoje kujifunza kupiga. Simu ya 1195 ni ya bure na hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia usiku na mchana, 116 ni ya watoto, na vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia. Mazoezi yatakukuta ukishakuwa mahali ambapo unaweza kulala.